Sumu Isiyoacha Mzoga

Mwaka 1960 wafugaji wa njiwa wa mashindano nchini Uingereza walipeleka malalamiko serikalini. Walidai kozi wamekuwa wengi mno, wanawanyakua njiwa wao angani, na wakataka sheria inayomlinda ndege huyo ilegezwe. Kabla ya kuamua, serikali iliagiza kozi wahesabiwe nchi nzima. Kazi hiyo ilisimamiwa na Derek Ratcliffe, mtaalamu wa viumbe aliyekuwa akipanda majabali kutazama viota vya kozi tangu ujana wake. Hesabu ikaonyesha kinyume kabisa cha malalamiko. Kufikia mwaka 1963 kozi walikuwa wamebaki chini ya nusu ya idadi yao ya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, na sehemu za kusini majabali mengi waliyozoea kuzalia yalikuwa matupu.

Ratcliffe alikuwa na jambo jingine lililomsumbua. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikuwa akikuta mayai yaliyopasuka viotani, na mara nyingine akimkuta kozi akila yai lake mwenyewe. Walikuwa ndege wazima, wanaoruka na kuwinda kama kawaida, lakini mayai yao yakivunjika chini ya vifua vyao. Aliposhuku kwamba ganda limekuwa jembamba, alihitaji mayai ya zamani ya kulinganisha, na hayo yalikuwepo. Kwa vizazi kadhaa Waingereza walikuwa na mazoea ya kuokota mayai ya ndege wa porini, kuyatoboa, kuyapuliza yakabaki makaka, kisha kuyapanga kabatini, kila moja na tarehe yake na mahali lilipotoka. Ratcliffe alipima urefu, upana na uzito wa makaka hayo bila kuvunja hata moja. Majibu aliyachapisha mwaka 1967 katika jarida la Nature. Uzito wa ganda haukuwa umebadilika sana tangu karne ya 19, lakini kuanzia mwaka 1947 hivi ulishuka ghafla, kwa karibu moja ya tano. Ni miaka ile ile ambapo DDT, dawa ya kuua wadudu iliyopata sifa vitani, ilianza kumwagwa mashambani.

Kutoka 1947 hadi 1967 ni miaka 20. Katika miaka hiyo Uingereza haikuwa imelala. Wakulima na wapenzi wa ndege walikuwa wakiokota mizoga shambani kila majira ya kupanda, njiwa na mbweha waliokufa baada ya kula mbegu zilizopakwa dawa ya wadudu iitwayo dieldrini au kula waliokula mbegu hizo. Magazeti yaliandika, bunge likauliza, na matumizi ya mbegu hizo yakaanza kubanwa mapema miaka ya 1960. Sumu iliyoacha mzoga ilipata mshitaki haraka. Ile iliyopunguza ganda la yai ilitembea miongo miwili bila kuulizwa, kwa kuwa hakuna aliyeanguka.

Kuhusu sumu za viwandani na mashambani, sisi wa Afrika Mashariki bado tunauliza swali la mzoga. Samaki wakielea mtoni tunapiga simu. Ng'ombe wakifa baada ya kunywa maji yanayotiririka kutoka mgodini, mkuu wa wilaya anafika na wanahabari nyuma yake. Hilo ni jema na liendelee. Lakini zipo kemikali ambazo hazimwangushi anayezila, zinamwangukia mtoto wake ambaye hajazaliwa, na kwa hizo swali la "nani amekufa?" halina jibu hata siku moja. Nadhani tumekaa na kipimo hicho kibovu muda mrefu mno, na kinatugharimu.

DDT ni mfano wangu kwa sababu ndiyo iliyochunguzwa zaidi. Iliundwa maabara mwaka 1874, na uwezo wake wa kuua wadudu ukagunduliwa na Mswisi Paul Müller mwaka 1939. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1948, na kwa haki, maana unga ule uliua chawa wanaoeneza taifasi na mbu wanaoeneza malaria, ukaokoa watu wasiohesabika. Ubaya wake umo katika tabia mbili. Haiozi upesi, na haikai majini bali katika mafuta ya viumbe. Kila mlaji hurithi mafuta ya aliyeliwa pamoja na kilichomo.

Ziwa Clear huko California lilionyesha maana ya jambo hilo mapema kabisa. Kati ya mwaka 1949 na 1957 lilitiwa mara tatu DDD, ndugu wa DDT, ili kuua visubi waliowakera watalii na wavuvi. Kiasi kilichotiwa kilikuwa kidogo sana, takriban sehemu 0.02 kwa kila milioni ya maji. Planktoni wakakikusanya, samaki wadogo wakala planktoni, samaki wakubwa wakala wadogo, na kibisi, ndege wa majini anayezamia samaki, akawala wote. Mafuta ya vibisi waliopimwa yalikutwa na sehemu 1,600 kwa milioni. Zaidi ya mia moja waliokotwa wamekufa mwaka 1954, na hao ndio walioanzisha uchunguzi. Ila habari nzito zaidi ilikuwa ya waliobaki hai. Kutoka jozi zaidi ya 1,000, kufikia mwaka 1960 zilibaki kama 30, na hizo 30 zilijenga viota bila kuonekana na kifaranga.

Mvunja ganda hasa ni DDE, masalia yanayobaki DDT inapovunjwa mwilini. Jike anayetaka kutaga huchota kalsiamu kutoka kwenye damu na kuipitisha katika tezi inayojenga ganda, na DDE hukwamisha upitishaji huo. Jike mwenyewe hahisi lolote. Anakula vizuri, anapandwa, anajenga kiota, anataga kwa wakati wake, analalia. Kilichopungua ni unene wa ganda, na ndege mzito anayelilalia analiponda kwa uzito wa mwili wake. Hata yai lisilopondwa hupoteza maji kupitia ganda hilo na kuwa viza.

Yupo ndege mmoja asiyetupa habari hizi, naye ndiye tuliye naye kila ua: kuku. Kuku na kware huhimili kiasi cha DDE ambacho kingefuta kizazi kizima cha mwari au furukombe. Mtu angeweza kupima banda la kuku kwa miaka, akaona mayai magumu na vifaranga wengi, akaandika ripoti kwamba dawa ni salama. Angekuwa amesema kweli kuhusu kuku. Nalitaja hili kwa sababu ushahidi wa namna hiyo nimeusikia mara nyingi kwa watu wenye nia njema: "Mbona sisi tunapulizia kila msimu na kuku wetu wanazaa tu?"

Nao mwari walikuwa wakionja matokeo ya kiwanda. Kampuni ya Montrose ilitengeneza DDT jijini Los Angeles kuanzia mwaka 1947, na mabaki yake yakapitia mabomba ya majitaka hadi baharini, kiasi kinachokadiriwa kufikia tani 1,700. Samaki wa pwani hiyo wakaijaza miilini. Mwaka 1970, katika kisiwa cha Anacapa, ambako mwari wa kahawia huzaliana, walijaribu kutaga mara 552. Kifaranga aliyesalimika alikuwa mmoja. Ukipita na mashua siku ile ungeona kisiwa kimejaa ndege, kelele tele, samaki wakiletwa. Mpiga picha angerudi mjini na picha nzuri za mwari wenye afya.

Kwa mamba wa ziwa Apopka, Florida, mambo yalichukua sura nyingine. Mwaka 1980 kiwanda cha kemikali cha Tower kilimwaga katika maji yanayoingia ziwani dawa iitwayo dikofoli, ambayo ndani yake mlikuwa na DDT. Katika miaka michache iliyofuata mamba wachanga wa ziwa hilo walipungua kwa takriban asilimia 90. Louis Guillette, mtafiti wa uzazi wa wanyama, alitarajia kukuta mayai mabovu, na aliyakuta. Lakini pia alikuta walioanguliwa na kukua wakiwa wamevurugika. Madume wachanga walikuwa na testosteroni kidogo sana, karibu na kiwango cha majike, na uume wao ulikuwa mdogo kuliko wa mamba wa maziwa safi. Majike walikuwa na ovari zisizo za kawaida na homoni ya kike iliyopita kiasi. Alipochapisha matokeo hayo mwaka 1994, wengi walielewa kwa mara ya kwanza kwamba kemikali inaweza kujifanya homoni. Mwili wa mtoto, wakati unajengwa ndani ya yai, unapokea amri ya uongo na kuitii.

Miaka 13 kabla yake, mwaka 1981, watafiti wawili wa California, Michael Fry na C. K. Toone, walikuwa wameingiza DDT katika mayai ya shakwe kwa viwango vinavyofanana na vile vilivyopatikana katika mayai ya porini. Viinitete vya kiume vikaota chembe za ovari. Hilo lilisaidia kueleza jambo lililokuwa limewashangaza watazamaji ndege kwenye visiwa vya pwani hiyo, yaani majike wawili kulalia kiota kimoja chenye mayai maradufu, mengi yakiwa hayakurutubishwa. Hakuna shakwe aliyekuwa mgonjwa.

Kwa wanyama wanaonyonyesha, mambo ni magumu zaidi kuyasimulia, kwani njia ya sumu ni ile ile ya upendo. Pomboo jike hukusanya kemikali za namna hii katika mafuta yake miaka yote anapokua. Akizaa, mafuta hayo huyeyushwa kuwa maziwa, na sehemu kubwa ya mzigo wake humhamia mtoto wa kwanza katika miezi ya mwanzo ya kunyonya. Watafiti wameliona hili kwa pomboo wa Florida na kwa pomboo wa Bahari ya Hindi huko KwaZulu-Natal, bahari yetu hii hii. Mama anatua mzigo, kifungua mimba anaubeba. Wadogo zake wanaomfuata hupata nafuu. Ukimpima mama baada ya uzazi utamkuta msafi kuliko dume la rika lake, na ukiishia hapo utaona habari njema.

Nimesita kufika kwa binadamu, maana hapa waandishi wengi huongeza chumvi. Nitaeleza yaliyopimwa tu. Huko Oakland, California, kati ya mwaka 1959 na 1967, zaidi ya wajawazito 15,000 waliingizwa katika utafiti wa afya ya mama na mtoto, na damu yao ikagandishwa na kutunzwa. Ilikuwa miaka ambayo Marekani ilitumia DDT kwa wingi kabisa. Watafiti wakiongozwa na Barbara Cohn waliifungua damu hiyo miongo kadhaa baadaye, wakawafuatilia watoto wa kike waliokuwa matumboni wakati ule. Mwaka 2015 waliripoti kwamba mabinti ambao mama zao walikuwa na kiwango cha juu kabisa cha aina fulani ya DDT walikuwa na uwezekano wa karibu mara nne wa kupata saratani ya matiti kufikia umri wa miaka 52. Mwaka 2021 wakaripoti kuhusu wajukuu. Mabinti wa mabinti hao walielekea zaidi kuwa na unene wa kupindukia na kuvunja ungo mapema.

Msomaji atauliza sumu ya mwaka 1962 inamfikiaje mjukuu aliyezaliwa baada ya DDT kupigwa marufuku. Mtoto wa kike akiwa bado tumboni, ovari zake tayari zimeanza kuunda mayai yote atakayokuwa nayo maishani. Bibi mjamzito anambeba binti, na ndani ya binti zimo mbegu za wajukuu. Unga ukimwingia bibi, unagusa vizazi vitatu kwa siku moja.

Na hapa sharti niseme la upande wa pili kwa uzito wake, kwa kuwa malaria si hadithi kwetu. Afrika Kusini iliacha DDT mwaka 1996 na kuhamia dawa nyingine za kupulizia ndani ya nyumba. Mbu waliokuwa sugu kwa dawa hizo mpya wakarudi, na mwaka 2000 wagonjwa wa malaria wakapita 60,000. DDT ikarudishwa mwaka huo huo, na pamoja na tiba mpya, wagonjwa wakashuka haraka. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, ulioanza kufanya kazi mwaka 2004, haukuizuia DDT kwa mbu waenezao magonjwa. Ulizuia kuitumia mashambani. Anayesema kwamba watetezi wa ndege waliwanyima Waafrika kinga ya malaria hajausoma mkataba huo.

Lakini katika nchi hiyo hiyo, wilaya ya Vhembe mkoani Limpopo, timu ya Riana Bornman wa Chuo Kikuu cha Pretoria ilichunguza zaidi ya wavulana wachanga 3,000. Wale ambao mama zao waliishi katika vijiji vilivyopuliziwa DDT walikuwa na uwezekano uliozidi kwa asilimia 33 wa kuzaliwa na kasoro katika viungo vya uzazi na mkojo. Utafiti wa namna hii hauthibitishi peke yake kwamba DDT ndiyo iliyosababisha kila kasoro. Unachoonyesha ni kwamba mama aliyeokolewa na malaria na mtoto aliyepata kasoro wanaweza kuwa wa nyumba moja. Serikali inayopulizia ina wajibu wa kuwafuatilia wote wawili. Kumhesabu mama na kumwacha mtoto nje ya daftari si haki, hata kama uamuzi wa kupulizia ulikuwa sahihi.

Kwetu tuna mahali ambapo pangetufunza mengi. Vikuge, wilayani Kibaha, ni shamba la malisho ambako katika miaka ya 1980 ziliwekwa dawa za kuua wadudu zilizoletwa kama msaada kutoka nje. Zilikaa kwenye banda, banda likaanguka, mvua ikanyesha juu yake. Baadaye pakasafishwa. Mwaka 2004 jarida la Ambio lilichapisha uchunguzi uliofanywa baada ya usafi huo, wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakiwemo. Udongo wa juu katika baadhi ya sehemu ulikuwa na DDT kufikia asilimia 28. Hizo si sehemu kwa milioni. Zaidi ya robo ya udongo uliochotwa ilikuwa sumu. Masalia yalikutwa pia nusu mita kwenda chini, na katika maji ya visima.

Tuna hadithi nyingine. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulisimamisha ununuzi wa samaki wa Ziwa Victoria kutoka Tanzania, Kenya na Uganda, kufuatia taarifa za wavuvi kutumia sumu za mashambani kuua samaki. Viwanda vya minofu vilikaa kimya, watu wakakosa kazi, na kwa sababu hiyo serikali zetu zikajifunza haraka kupima. Kilichopimwa ni minofu, maana minofu ndiyo iliyokuwa na mnunuzi. Na mwaka 2008 Uganda ilipoanza kupulizia DDT majumbani katika wilaya za Apac na Oyam, sauti iliyosimamisha zoezi kwa njia ya mahakama ilikuwa ya wafanyabiashara wa pamba ya kilimo hai, waliohofia kukataliwa na masoko ya nje. Siwalaumu. Walitetea riziki yao. Linaloniumiza ni kwamba katika matukio yote mawili kipimo kilichotuamsha kilikuwa cha mteja wa ng'ambo. Nani alizungumza kwa niaba ya yai la furukombe, au la mtoto wa Apac aliye tumboni?

Furukombe nimemtaja mara mbili kwa makusudi. Katika ziwa Kariba, ambako Zimbabwe ilitumia DDT kwa miaka mingi dhidi ya mbung'o, Robert Douthwaite alionyesha mwaka 1992 kwamba mayai ya furukombe yalibeba DDE na maganda yake yalikuwa yamepungua unene. Ndege huyo anakula samaki wale wale tunaokula, anakaa mahali pamoja miaka yote, kiota chake kinaonekana kutoka mbali. Kwa mtu anayetaka kujua hali ya ziwa, hakuna mfanyakazi mwaminifu kuliko huyu, na halipwi.

Wapo watakaosema DDT imepita, mashamba yetu sasa yana dawa za kisasa. Kweli, nyingi za sasa huoza upesi zaidi. Lakini mwezi Mei 2025 nchi wanachama wa Mkataba wa Stockholm ziliiongeza klopirifosi kwenye orodha ya kemikali za kuondolewa, na hiyo ilikuwa ya kisasa vile vile, ikiuzwa kila duka la pembejeo. Miongoni mwa mambo yaliyoiponza ni ushahidi kuhusu ubongo wa watoto ambao mama zao waliipata wakiwa wajawazito. Atrazini, inayoua magugu kwenye mahindi na miwa, Umoja wa Ulaya uliamua kuiondoa mwaka 2003 kwa sababu ya kuchafua maji ya ardhini. Mwaka 2010 Tyrone Hayes wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliripoti kwamba vyura madume wa jamii ya Kiafrika waliolelewa katika maji yenye atrazini kidogo, asilimia 10 yao walikua kuwa majike wanaotaga mayai. Mtengenezaji amepinga vikali matokeo yake, na ubishi huo haujaisha. Vyura hao asili yao ni kusini mwa bara letu, na ni vema ubishi huo tuushiriki kwa vipimo vyetu wenyewe badala ya kusubiri mshindi atangazwe mahali pengine.

Ni kweli kwamba sheria za usajili hudai panya wa maabara wafuatiliwe hadi kizazi cha pili kabla dawa haijaruhusiwa. Kipimo hicho kina thamani yake. Lakini panya wa maabara hupewa kemikali moja, kwa kiasi kinachojulikana, katika kizimba safi. Mkulima wa nyanya anachanganya tatu kwenye bomba moja la mgongoni, mabaki yanaingia mfereji unaonywesha ng'ombe, na kizazi cha pili kinazaliwa mahali ambapo hakuna mwenye daftari.

Ukitazama tena hadithi nilizozieleza utaona kwamba kilichowaokoa wenzetu ni makabati. Ratcliffe alipata mayai ya mwaka 1890 kwa sababu mtu aliyaweka. Cohn alipata damu ya mwaka 1962 kwa sababu mtu aliigandisha, tena bila kujua itaulizwa nini. Sumu inayomwendea mtoto huonekana tu kwa kulinganisha na wakati uliopita, na wakati uliopita usiotunzwa haununuliki baadaye kwa bei yoyote. Hilo ndilo ninalowaomba wenye mamlaka walisikie, kuanzia Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu kwetu Tanzania hadi bodi za namna hiyo Kenya na Uganda. Usajili wa dawa uambatane na akiba ya sampuli. Mayai viza ya furukombe na mwari yaokotwe viotani kila msimu na kuwekwa penye umeme wa uhakika. Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi yana hazina ya ndege iliyokusanywa kwa miongo mingi, na vyuo vyetu vina wanafunzi wanaotafuta mada za shahada. Taasisi za utafiti wa uvuvi zigandishe samaki wazima, na mayai yao ndani, si minofu peke yake.

Kwa binadamu, damu ya kitovu ambayo sasa hutupwa baada ya kila uzazi ingeweza kutunzwa kwa ridhaa ya mama. Mashirika ya Umoja wa Mataifa yamekwisha kupima maziwa ya akina mama wa Kenya na Uganda, lakini sampuli za akina mama wengi huchanganywa pamoja ili kupata wastani wa nchi. Wastani hauna mtoto wa kufuatilia. Na kwa kuwa hofu huenea upesi kuliko maelezo, niliseme hili waziwazi. Hakuna mama anayepaswa kuacha kunyonyesha kwa ajili ya makala hii. Shirika la Afya Duniani limelipima jambo hilo, na faida ya maziwa ya mama imeizidi mbali hatari ya masalia haya. Wa kubanwa ni anayemwaga sumu. Anayenyonyesha aachwe anyonyeshe.

Marekani ilipiga marufuku DDT mashambani mwaka 1972, na malipo yakaonekana. Jozi za tai wa kichwa cheupe, ndege wa nembo yao, zilikuwa 417 tu mwaka 1963 katika majimbo 48 ya bara. Mwaka 2007 zilikaribia 10,000, na ndege huyo akaondolewa kwenye orodha ya walio hatarini. Mwari wa kahawia naye alifuata mwaka 2009. Uzazi ulioharibiwa unaweza kupona, na nimefurahi kila mara ninaposoma takwimu hizo. Ila deni halikufutika lote. Kondori, tumbusi mkubwa aliyerudishwa kwenye pwani ya California ya kati katika miaka ya 1990, alianza kula mizoga ya simba wa bahari, ambao nao wamekula samaki wa maji yale ya Montrose. Mayai yake yalipopimwa, maganda yalikuwa membamba, na walioanguliwa walikuwa wachache kuliko wa kondori wenzao wa bara wasiogusa nyama ya baharini. Hiyo ilikuwa zaidi ya miaka 30 baada ya marufuku.

Vikuge ingefaa kuwa mahali pa kuanzia. Tunajua kilichomwagwa, tunajua mahali, tunavyo vipimo vya udongo vya mwanzoni mwa miaka ya 2000 vya kulinganishia. Ng'ombe wanazaa pale, ndege wanataga pale, na wapo wanawake waliozaliwa karibu na shamba lile mwaka ambao banda lilianguka, ambao leo wana watoto. Wanachohitaji ni muuguzi mwenye daftari, jokofu lisilozimika, na bajeti isiyokatwa mradi wa wafadhili unapokwisha.